Roma Mnaposti, Mtera Mnanunua Samaki Tu

Mwenye hela yake kaenda Italia, kaposti: Roma, Florence na Venice ndani ya wiki moja, mwongozaji mbele na kibendera chake, kundi zima nyuma linakimbizana naye. Hakuna ubaya, hela yake. Ila kwa vijana wengi wa Dodoma utalii wa kundi ni Coaster ya kuchanga, na njia ni ile ile ya Iringa: Isimila kuona zana za mawe za watu wa kale, kisha Kalenga kwa Mkwawa.

Kalenga hakuna anayesinzia. Wajerumani waliibomoa ngome mwaka 1894, Mkwawa akajiua 1898 kuliko kukamatwa, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukataka kirudishwe, lakini fuvu lilifika nyumbani 1954. Yule dada aliyelalamikia joto tangu Dodoma anafika mbele ya fuvu, ananyamaza kimya.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kabla ya Kalenga kundi lilisimama Mtera, karibu nusu ya njia. Dereva alisema dakika ishirini. Watu wakashuka, wakazungukwa na wauza samaki, perege huku, kambale kule, bei ikapunguzwa mpaka muuzaji akacheka mwenyewe. Wengine wakapiga selfie, nyuma yao maji na ile miti mikavu yenye ndege juu. Mwongozaji naye alikuwa anakula. Hakusema neno.

Jamani, ile miti! Hakuna mti unaoota katikati ya ziwa. Pale palikuwa nchi kavu, pori lenye kivuli chake, hadi Mto Ruaha Mkuu ulipozibwa chini kidogo ya pale unapokutana na Kisigo. Bwawa lilikamilika 1980. Maana yake lile "ziwa" ambalo wengi hudhani limekuwepo tangu enzi na enzi ni dogo kwa umri kuliko mama zao. Miti ilikufa imesimama, na mpaka leo imesimama. Magofu ya Roma yana tiketi na foleni, haya yana mnandi anayeanika mabawa.

Na bwawa halikujengwa kwa ajili ya umeme wa pale pale. Kituo cha Kidatu, mbali huko chini ya mto, kilishaanza kazi 1975 chenye uwezo unaofika megawati 204, na kilihitaji ghala la maji ya kiangazi. Mtera ndiyo ghala. Mitambo yake yenyewe ya megawati 80 ilikuja baadaye, 1988. Kwa miaka mingi, kina cha maji ya Mtera kikishuka, mtu wa Sinza alikuwa anajua kwa mgao, hata kama hajawahi kusikia jina la Kisigo. Oktoba 2015 ukame ulikuwa mkali kiasi kwamba nchi ilizima vituo vyake vyote vya umeme wa maji.

Ukame peke yake hausemi yote. Huko juu Usangu mto unanywesha mashamba ya mpunga, na tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakibaki kwenye madimbwi. Wali ule mtamu wa Mbarali na umeme wa Kidatu vinagombea mto mmoja. Hii habari ingemtosha mwongozaji kwa zile dakika ishirini na zaidi.

Kuanzia hapo barabara inapita juu ya tuta lenyewe, upande wa Dodoma unaisha na wa Iringa unaanza. Kuna walinzi, na kupiga picha ni marufuku. Kwa hiyo simu zinashushwa, na kwa dakika moja hivi kundi zima linatazama nje ya dirisha kwa macho tu.