Aliyelishwa

Katika duka la pembejeo hapa Roret, Kericho, nilimsikia mzee akiomba dawa ya magugu kwa ajili ya shamba lake la majani chai. Muuzaji akamkabidhi kopo lenye picha ya fuvu, na chini ya fuvu neno SUMU. Mzee hakushtuka. Kwake, na kwa yeyote anayelima huku, hiyo ni dawa, kama dawa ya panya, dawa ya mbu na dawa ya kupe. Hata Wakipsigis, wenyeji wa huku, wana kerichek, yaani dawa, neno ambalo wengine hulitaja kuwa asili ya jina la Kericho.

Dawa na sumu ni nomino zilizotoka Kiarabu. Kitenzi kinachozifikisha mdomoni ni cha Kibantu, kikongwe kuliko zote mbili: kula. Mama humlisha mtoto uji; adui humlisha mtu sumu. Mnyambuliko ni ule ule, hata mkono unaonyooshwa ni ule ule. Na kabla ya tendo, wahusika huwa wamekula njama, wakala na yamini ya kunyamaza. Naliona hili kuwa ujuzi mchungu wa lugha yetu: ilikwishajua kwamba sumu haitoki mbali, hutoka jikoni.

Nalikumbuka kila ninaposoma habari za Unguja. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Siku hiyo hiyo binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasri na kujitangazia usultani. Wengi wakamshuku kwamba ndiye aliyemuua. Kwa Kiswahili shaka kama hiyo hutoshea katika neno moja: amelishwa. Kilicholishwa hakitajwi, maana kila mtu anakijua. Aliyelisha naye hatajwi, kwa kuwa kauli ya kutendwa humfunika. Waingereza hawakumkubali Khalid; asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikalipiga kasri kwa mizinga, na vita vikaisha kabla ya saa moja kupita. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa takriban 500. Sumu yenyewe haikuthibitishwa kamwe.

Mji wa Unguja ulikuwa na sumu nyingine, nayo haikuhitaji njama. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu. Hebu litamke polepole: kipindupindu. Ni pindua iliyorudiwa, tumbo na mwili vikipinduliwa na kupinduliwa tena, kwa maji yaliyochafuka. Barghash, baba yake Khalid, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyevuta maji safi ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini. Kwangu hilo ni tendo kubwa kuliko kujenga kasri lake la Beit al-Ajaib.

Ila hatusemi kwamba watu wa mji ule walilishwa kipindupindu. Twasema kiliingia, kilizuka, kana kwamba kilikuja kwa miguu yake. Sumu ikiwa na mwenyewe twaipa kitenzi cha kulisha. Ikikaa kisimani hatuna wa kumuuliza. Na ile ya shambani tunaiita dawa, basi hata kuiogopa hatuiogopi.

Nilimuuliza mzee kopo likiisha hulifanyia nini. Akanijibu kwa upole kwamba hulisuuza vizuri, kisha hutilia maziwa ya wajukuu.