Fedha za kuinua kaskazini: Zinakotoka, zinavyogawanywa na zinakokwama

KWA mfugaji wa Marsabit, Wajir au Turkana, zizi ndilo akaunti ya benki. Humo ndimo hutoka karo ya shule, mahari, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitalini na unga wa jioni. Ukame ukizidi, akaunti hiyo hufungwa bila ilani na mwenyewe akabaki mikono mitupu.

Ndiyo sababu msaada wa serikali katika eneo hilo hauwezi kupimwa kwa wingi wa mabilioni yanayotangazwa Nairobi peke yake. Kipimo chake halisi ni wakati: Je, fedha zilifika ng'ombe akiwa hai, au zilifika mizoga ikiwa imekwisha kukauka?

Kwa mujibu wa takwimu zinazotumiwa na serikali yenyewe, maeneo kame na nusu kame ni zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya. Humo huishi zaidi ya thuluthi moja ya wananchi, na huko ndiko waliko takriban asilimia 70 ya mifugo wa nchi hii. Hata hivyo, kwa miaka mingi eneo hili lilihesabiwa kuwa mzigo, wala si rasilmali.

Chanzo cha kuachwa nyuma

Serikali ya kikoloni ililifanya eneo la kaskazini kuwa wilaya zilizofungwa, ambako mtu hakuweza kuingia wala kutoka pasipo kibali. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, vita vya Shifta vilizuka na sheria za hali ya hatari zikawekwa. Sheria hizo zilidumu hadi 1991.

Katikati ya msukosuko huo, serikali ilichapisha Waraka wa Sera Nambari 10 wa mwaka wa 1965. Waraka huo ulieleza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapoleta mavuno makubwa kwa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme. Matumaini yalikuwa kwamba faida itakayopatikana huko ingetumiwa baadaye kuyainua maeneo mengine.

Faida hiyo haikufika kaskazini kwa kiasi kilichotarajiwa. Asiyekuwa na barabara alinyimwa barabara kwa kuwa hakuwa na barabara.

Mwelekeo ulianza kubadilika waziwazi mwaka wa 2008, Wizara ya Ustawi wa Kaskazini mwa Kenya na Maeneo Mengine Kame ilipoundwa chini ya waziri Mohamed Elmi. Wizara hiyo ilivunjwa 2013, lakini iliacha sera ya kitaifa, Waraka wa Sera Nambari 8 wa mwaka wa 2012, inayotambua ufugaji wa kuhamahama kuwa njia halali ya uchumi.

Hazina ya Usawazishaji

Msingi mkubwa zaidi wa kisheria ni Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010. Kifungu hicho kiliunda Hazina ya Usawazishaji, inayostahili kupata asilimia 0.5 ya mapato yote ya serikali ya kitaifa kila mwaka. Fedha hizo ni za maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, ili huduma hizo zilingane na zile za sehemu nyingine za nchi.

Tume ya Ugavi wa Mapato ilizitaja kaunti 14 katika sera yake ya kwanza, zikiwemo Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Isiolo na Garissa. Katika sera ya pili, ya 2018, tume hiyo iliacha kutaja kaunti nzima na badala yake ikaorodhesha maeneo madogo 1,424 katika kaunti 34. Waliounga mkono hatua hiyo walisema umaskini haufuati mipaka ya kaunti. Waliopinga walisema keki ile ile sasa ilikuwa ikikatwa vipande vingi zaidi.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, fedha zilikwama. Mwaka wa 2019, Mahakama Kuu ilibatilisha miongozo iliyokuwa ikitumiwa kuendesha hazina hiyo, na kanuni mpya zikapatikana 2021. Kiasi kilichoingizwa humo kimekuwa chini mno ya kile kinachostahili kwa hesabu ya asilimia 0.5.

Jambo la kutia wasiwasi ni kwamba Kifungu cha 204 kina kikomo. Muda wake ni miaka 20 tangu Katiba ilipoanza kutumika Agosti 2010. Ili uongezwe, ni lazima sheria iungwe mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Miaka iliyopotelea mahakamani na ofisini hairudishwi na Katiba.

Ugatuzi

Tangu 2013, fedha nyingi zaidi zimefika kaskazini kupitia mgao wa kaunti. Kwa kuwa mfumo wa kwanza wa ugavi ulizingatia kiwango cha umaskini na ukubwa wa eneo, Turkana ilipata mgao wa pili kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi. Wakazi wa miji ya Wajir na Mandera wakaiona lami ya kwanza katika mitaa yao miongo mitano baada ya uhuru.

Fedha za moja kwa moja

Mpango wa kukinga jamii dhidi ya njaa, ujulikanao kama HSNP, ulianza kulipa 2009 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kwa ufadhili wa Uingereza na Australia. Baadaye serikali ya Kenya iliongeza mchango wake. Katika awamu ya pili, familia takriban 100,000 zililipwa mara kwa mara, na malipo yakafikia Sh5,400 kila baada ya miezi miwili.

Upekee wa mpango huu ni kwamba familia nyingine nyingi zilisajiliwa mapema na kufunguliwa akaunti. Setilaiti ikionyesha kwamba malisho yamekauka kupita kiwango fulani, familia hizo nazo hulipwa bila kungoja orodha mpya kuandikwa.

Msimamizi wake ni Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, ambayo pia hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame. Taarifa hiyo huonyesha iwapo hali ni ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari au ya dharura. Mfugaji anayeifuatilia anaweza kuuza sehemu ya mifugo wake bei ingali nzuri.

Bima ya mifugo

Bima ya aina mpya ilijaribiwa Marsabit mwaka wa 2010 na watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi. Badala ya kuhesabu mizoga, bima hii hupima ukijani wa malisho kutoka angani. Malisho yakipungua kupita kiasi, fidia hulipwa ili mfugaji anunue lishe, maji na dawa kabla mifugo hawajafa.

Serikali iliichukua mbinu hiyo 2015, ikaanza na Turkana na Wajir kabla ya kuieneza kwingine. Ililipa ada yote kwa mifugo wanaolingana na ng'ombe watano kwa kila familia iliyochaguliwa. Mradi wa DRIVE, ulioanzishwa 2022 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, unampa mfugaji ruzuku ya ada ilhali naye huchangia sehemu yake.

Barabara na soko

Hakuna ruzuku iliyobadilisha biashara ya mifugo kuliko lami. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, ya takriban kilomita 500, ilikuwa safari ya siku mbili au tatu juu ya lori. Tangu kukamilika kwake, safari hiyo huchukua chini ya siku moja. Ng'ombe aliyekuwa akikonda au kufa njiani sasa hufika sokoni akiwa na uzito wake.

Lakini barabara bila kiwanda humnufaisha dalali zaidi ya mfugaji. Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa 1950, ilisambaratika katika miaka ya tisini na kufunguliwa tena 2006. Kiwanda chake kikuu kiko Athi River, mamia ya kilomita kutoka kwa wenye mifugo.

Aidha, barabara hupandisha thamani ya ardhi na kuwavutia wanaoitamani. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake, na mkataba wa uwekezaji hauwezi kukubaliwa bila idhini ya thuluthi mbili ya baraza la jamii hiyo. Ardhi ambayo haijasajiliwa husimamiwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe, na huo ni ulinzi hafifu zaidi.

Somo la 2022

Baada ya ukame wa 2011, serikali iliahidi kwamba kufikia 2022 ukame haungegeuka tena kuwa janga. Mwaka huo ulipowadia, mvua zilikuwa zimekosa kunyesha msimu baada ya msimu. Misimu mitano mfululizo ilipotea, na zaidi ya mifugo milioni 2.5 wakafa nchini.

Si kwamba mipango haikuwepo. Onyo lilitolewa, familia zilikuwa zimesajiliwa na bima ilikuwa ikifahamika. Kilichopungua ni fedha za kutosha kufika kwa wakati.

Wakazi wa kaskazini wana nafasi ya kusema kabla fedha hazijagawanywa. Katiba inazitaka serikali zote mbili kuwashirikisha wananchi, na kila kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa miaka mitano pamoja na bajeti ya kila mwaka. Atakayehudhuria vikao hivyo aulize mradi upi unagharimiwa na hazina ipi, na fedha zake zitatolewa lini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mfugaji ukuta huo hujengwa kwa kununua upya mifugo ambao wangeokolewa kwa lishe ya miezi michache.