Sukari ya damu kwa ndege

Sukari ya damu kwa ndege ni glukosi inayozunguka mwilini mwao kulisha ubongo, misuli na viungo vingine. Ndege wengi wenye afya wana miligramu 200 hadi 350 kwa desilita ya damu, ilhali mtu aliyelala bila kula ana 70 hadi 100 tu. Kiwango ambacho daktari angekiita kisukari, kwa ndege ndicho uzima.

Kwa mkazi wa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, mfano wa karibu ni chozi, ndege wadogo wanaofyonza maua ya shubiri katika bustani za mtaa na pembezoni mwa Msitu wa Ngong Road. Chozi wa rangi ya shaba (Nectarinia kilimensis) hana hata gramu 20. Hutua kwenye shina la ua, akainama, akapenyeza mdomo wake uliopinda na kuvuta maji matamu kwa ulimi ulio kama mrija. Chakula hicho karibu chote ni sukari. Usiku wa Julai, baridi ya Nairobi inapouma, hana ua la kufyonza. Huishi kwa akiba aliyojiwekea mchana.

Akiba hiyo husimamiwa na kongosho na ini. Kwa binadamu insulini ndiyo yenye kauli. Kwa ndege ni glukagoni, homoni inayoamuru mafuta yavunjwe na ini litengeneze glukosi mpya. Kuku hana GLUT4, protini ambayo kwetu huingiza glukosi kwenye misuli kwa amri ya insulini. Sukari inayozidi hugeuzwa mafuta, na kazi hiyo hufanywa hasa na ini. Ndiyo maana kuku aliyekosa chakula kwa siku kadhaa sukari yake haiporomoki. Tena, chembe nyekundu za ndege hupokea glukosi kidogo sana, kwa hiyo hemoglobini yao haigandwi na sukari kwa kiasi ambacho mtu angetarajia.

Hesabu ya nguvu ambazo chozi hutumia na kuzipata katika maua ilifanywa vizuri sana hapa hapa Kenya. Mwaka 1975 Wamarekani Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti wao kuhusu chozi wa mabawa ya dhahabu (Drepanorhynchus reichenowi) karibu na Ziwa Naivasha. Akipumzika, ndege huyo hutumia kalori 400 kwa saa (ni kalori ndogo za maabara; 1,000 kati yake ndiyo kilokalori moja). Akila hutumia 1,000, na akifukuza wavamizi 3,000. Hata hivyo, ua linalolindwa hujaa zaidi, naye hushiba kwa muda mfupi. Basi hulinda eneo pale tu muda anaouokoa unapolipa gharama ya ugomvi. Maua yakiwa tele kila mahali, huacha kupigana.

Ndege wahamao, kama mbayuwayu wanaofika kutoka Ulaya, hutegemea mafuta safarini, kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya sukari.

Mfugaji anayepima damu ya kasuku au kuku asitumie viwango vya binadamu. 250 si ugonjwa. Kinachotisha ni sukari kushuka chini ya 150, na hapo ndege apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja.