Mkutano wa Wananchi Ndio Ngao ya Msitu: Mafunzo ya Historia kutoka Rufiji

Utangulizi

Kila mwaka, katika vijiji vingi vya nchi yetu, hufanyika shughuli za hadhara zinazohusu hifadhi ya misitu na wanyamapori. Wananchi huitwa uwanjani, ngoma hupigwa, wanafunzi huimba, mgeni rasmi hupanda mche na risala husomwa. Mwaka 2023 hata Mwenge wa Uhuru ulikimbizwa nchini ukiwa na ujumbe wa kutunza mazingira na vyanzo vya maji. Makada wengi wamepata kuandaa shughuli za namna hii. Hatuna haja ya kubishana kama ni nzuri au mbaya. Swali tunalotaka kulijadili ni hili: mkusanyiko wa wananchi huwa nguvu ya kuhifadhi maliasili wakati gani, na ni wakati gani hubaki kuwa sherehe tu?

Swali hilo halijibiwi kwa kaulimbiu. Linajibiwa kwa historia. Tumechagua historia ya Rufiji, na kituo chetu ni Mchukwi, katika nchi ya juu kaskazini ya bonde la mto, ndani ya Wilaya ya Kibiti iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010. Mashariki ya hapo iko delta, yenye mikoko inayozidi hekta 50,000, ambayo ndiyo msitu mkubwa wa mikoko ulioshikana kuliko yote katika Afrika ya Mashariki. Magharibi, ukipanda na mto, yako mapori ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kaskazini iko barabara iendayo Dar es Salaam, mji unaohitaji mbao na mkaa kila siku. Kwa hiyo mkulima wa Mchukwi na wa Kibiti kwa jumla anaishi kati ya mnyama na soko. Hifadhi yoyote isiyomfikiria mkulima huyo haina msingi.

Msimamo wetu ni kwamba mkusanyiko huhifadhi pori pale tu wananchi wanapokutana kuamua, kufanya kazi na kugawana. Wanapokutana kusikiliza tu, pori huliwa.

Kazi ya pamoja kabla ya amri

Kabla ya ukoloni, adui mkubwa wa mkulima wa pwani hakuwa simba wala tembo. Alikuwa nguruwe mwitu. Mnyama huyu huja usiku, huchimbua muhogo na huangusha mahindi, na kaya moja peke yake haimwezi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kulinda mashamba na kusaka nguruwe kulihitaji watu wengi kwa wakati mmoja, tena watu wenye utaratibu. Pwani yetu ina Waislamu wengi ambao nguruwe hawamli, kwa hiyo msako wa nguruwe haukuleta kitoweo. Faida yake ilikuwa moja tu, chakula cha jumuiya kubaki shambani.

Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, nchi iliyo jirani na Rufiji kwa upande wa kaskazini, ameonyesha uzito wa jambo hili. Wanaume walipotolewa vijijini kwenda kufanya kazi za mkoloni, ulinzi wa mashamba ulidhoofika, nguruwe wakaongezeka na njaa ikaingia. Hapo tunaona kanuni muhimu: uwiano kati ya binadamu na mnyama haukuwa zawadi ya maumbile. Ulitokana na nguvu kazi ya watu waliojipanga pamoja.

Mkoloni avunja mkusanyiko

Mjerumani alileta fikra nyingine. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kudhibiti uwindaji na kutenga maeneo ya wanyama. Mwaka 1898 mikoko ya delta ya Rufiji ilifanywa msitu wa hifadhi. Lakini hifadhi hiyo ilimtunzia nani? Boriti za mikoko zilizokuwa zikijenga nyumba za pwani na kusafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni sasa zilikuwa mali ya serikali ya kigeni, na mwananchi aliyezikata bila kibali aligeuzwa mwizi katika nchi yake.

Juu ya hayo ziliwekwa kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Katika hali hiyo maelfu ya watu walianza kusafiri kwa makundi kwenda Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale kupokea maji. Hatusemi kwamba vita vya Majimaji vilipiganwa kwa ajili ya msitu au nguruwe. Tunachosema ni kwamba mkusanyiko wa Ngarambe ulikuwa wa watu walionyang'anywa uwezo wa kuamua juu ya ardhi yao, jasho lao na pori lao. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, katika delta hiyo hiyo, tarehe 4 Agosti 1905.

Mwingereza naye aliendeleza kazi hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1922 pori lililotengwa lilipewa jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji na askari wa Kiingereza aliyeuawa Beho Beho mwaka 1917. Katika miaka ya 1940, kwa hoja ya kuzuia malale, wananchi wa sehemu za Liwale walihamishwa na pori likapanuliwa juu ya mahame yao. Ndivyo ilivyojengeka nadharia kwamba ili mnyama aishi lazima mtu aondoke. Nadharia hiyo ilianza kwa bunduki, na baadaye ikasomwa na wengine kana kwamba ni sayansi.

Baada ya Uhuru: darasa la umma

Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, akikubali kwa niaba ya taifa wajibu wa kuwatunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Wajibu huo ulihitaji umma wenye fahamu. Ndiyo sababu kampeni za elimu ya watu wazima zina nafasi kubwa katika historia hii. "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Ikafuata "Chakula ni Uhai" mwaka 1975, na mwaka 1980 "Misitu ni Mali". Mwaka huo huo wa 1980 zilianzishwa Klabu za Malihai, zilizowapeleka vijana wa shule katika elimu ya wanyama na mimea.

Tusiyadharau mafanikio haya. Kwa mara ya kwanza mkulima alikaa chini ya mwembe na wenzake, akasikiliza, akauliza na akapanda miti. Hata hivyo hapana budi tuyapime kwa matokeo. Mwaka 1976 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wapatao 30,000, na mwaka 1989 serikali ililazimika kutumia jeshi, polisi na askari wa wanyamapori katika Operesheni Uhai.

Kwa nini darasa halikutosha? Sababu ni kwamba darasa lilifundisha thamani ya mali bila kugusa mamlaka juu yake. Mwananchi aliambiwa misitu ni mali, lakini hakuambiwa ni mali yake kwa kifungu gani cha sheria, wala mapato yake yanaingia katika daftari lipi. Bei ya pembe ilipopanda, mfanyabiashara wa mjini alimkuta mwanakijiji anayejua thamani ya tembo ila hana fungu katika uhai wake. Fungu pekee aliloonyeshwa lilikuwa katika kifo chake.

Kutoka darasa hadi mkutano mkuu

Hatua mpya zilianza baada ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijiji vinavyopakana na Selous vilianza kupewa mgawo wa nyama na kuteua askari wa wanyamapori wa kijiji. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 na kanuni za mwaka 2002 ziliweka njia ya vijiji kuungana na kuunda jumuiya za hifadhi. Ngarambe, kule kule alikokuwa Kinjikitile, iliungana na Tapika kuunda MUNGATA. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo ilikiwezesha kijiji, kwa uamuzi wa Mkutano Mkuu, kutenga msitu wake, kutunga sheria ndogo na kutoza faini.

Kada aone hapa badiliko la maana. Tukio kuu la hifadhi sasa ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, wenye ajenda, akidi na muhtasari. Ngoma na risala vina nafasi yake, lakini pembeni.

Mifano miwili ya karibu inaonyesha tofauti. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, njia ya magogo ya kusini kwenda Dar es Salaam ikawa nyepesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu biashara hiyo ulikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya ushuru uliostahili kukusanywa ilipotea. Hapakukosekana sherehe za kupanda miti katika miaka hiyo. Kilichokosekana ni macho ya wananchi juu ya vibali na hesabu. Kwa upande mwingine, katika Wilaya ya Kilwa, kijiji cha Kikole kilitenga msitu wake, kikaweka mpango wa uvunaji, na mwaka 2009 kikawa miongoni mwa vijiji vya kwanza katika Afrika kuuza mpingo wenye cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri. Mti ulikatwa kwa hesabu, na fedha zikasomwa mbele ya mkutano. Mali bila daftari huisha bila habari.

Delta yenyewe ina mfano wake. Mwaka 1997 uliidhinishwa mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta, ambao ungechukua maelfu ya hekta. Wananchi wa sehemu mbalimbali za delta walikutana, wakajadili mikoko yao na mashamba yao, wakashirikiana na wanasheria na waandishi wa habari za mazingira, na shauri likafika mahakamani. Mradi haukutekelezwa. Mikoko hiyo leo imo katika eneo la ardhi oevu la Rufiji, Mafia na Kilwa lililotambuliwa kimataifa mwaka 2004.

Anayelipa gharama

Lakini sheria njema haijitekelezi yenyewe. Mwaka 2013 hesabu ya tembo katika eneo la Selous ilikuwa imeshuka tena hadi wapatao 13,000. Jumuiya za vijiji zilikuwa chache, na tamaa ya pembe ilikuwa ya dunia nzima. Tena iko gharama ambayo wahifadhi wengi huipita haraka, nayo ni gharama ya mwili wa mkulima.

Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 simba aliua watu wapatao 35 katika vijiji vya Rufiji. Alipouawa alikutwa na jino bovu. Wengi wakaridhika na maelezo ya jino. Lakini mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer walionyesha kwamba simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini tangu mwaka 1990, na kwamba kusini mwa nchi nguruwe mwitu ndiye aliyewavuta simba hadi mashambani. Mkulima alilala katika dungu ili alinde mpunga na mahindi dhidi ya nguruwe. Nguruwe alimfuata mkulima, simba akamfuata nguruwe, akamkuta mtu.

Hapa historia inarudi pale ilipoanzia. Kazi ya pamoja iliyovunjwa na mkoloni ndiyo ambayo kukosekana kwake kunaua watu hadi katika karne hii. Kijiji kinachopanga msako halali wa nguruwe pamoja na ofisa wa wanyamapori, kikalinda mashamba kwa zamu na kuimarisha madungu, kinamhifadhi mkulima. Kwa njia hiyo hiyo kinamhifadhi simba, kwani simba asiyeua watu hawekewi sumu. Hiyo ndiyo shughuli ya hifadhi inayostahili kutangulia mche wa mgeni rasmi.

Wajibu wa kada

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza kila kada anayeandaa shughuli ya hifadhi, iwe Mchukwi au kwingineko, ajiulize mambo manne. Kwanza, ajenda imetoka kwa nani? Ikiwa nguruwe, simba, mkaa na mipaka havimo, ajenda haijatoka kwa wananchi. Pili, kuna uamuzi gani utakaofanywa siku hiyo na kuandikwa? Tatu, je, hesabu za ushuru, faini na vibali zitasomwa hadharani, na mwanamke anayelima na kuamkia dungu atapewa nafasi ya kuzihoji? Nne, ni siku gani watu watakutana tena kuona yaliyotekelezwa?

Shughuli isiyo na majibu ya maswali hayo isifutwe. Ibadilishwe. Ngoma na ipigwe, wanafunzi na waimbe, kisha watu wakae chini na daftari lifunguliwe. Kada asikae mezani pamoja na wageni. Akae na wananchi, asikilize ukurasa kwa ukurasa, na pale hesabu isipolingana awe wa kwanza kunyoosha mkono.