Ushauri nasaha katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati

Huduma za ushauri nasaha katika Nakuru, Naivasha, Gilgil, Molo na Njoro zimekua kwa kufuata majanga: kila janga kubwa lilileta washauri, na fedha za msaada zilipokwisha wengi waliondoka. Kabla ya 2008 kazi hii ilikuwa zaidi mikononi mwa makanisa, walimu na vituo vya VCT (ushauri na upimaji wa hiari wa virusi vya Ukimwi).

Kambi za 2008

Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua utata, maelfu ya waliofukuzwa makwao katika ghasia walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru. Mjini Naivasha watu 19 waliteketea ndani ya nyumba moja tarehe 27 mwezi huo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote.

Kanuni ya kutunza siri za mteja huchukulia kwamba kuna chumba chenye mlango. Kambini palikuwa na turubai: mama akisimulia yaliyompata, wa hema la pili alisikia, na wanawe walikuwa papo hapo miguuni pake. Jina la mshauri nalo lilikuwa mtihani. Majina mengi ya eneo hili hutambulisha kabila, hivyo aliyechomewa nyumba Molo aliweza kujua, kabla kikao hakijaanza, iwapo anayemsikiliza anatoka upande uliomfukuza. Kumpa mshauri wa kabila lake kulipunguza hofu, lakini kuliuingiza mgawanyiko huohuo ndani ya tiba. Tena misaada ya dharura hupangwa kwa miezi, ilhali baadhi ya waathiriwa walikaa kambini miaka.

Moto wa lori la mafuta huko Sachangwan (31 Januari 2009, zaidi ya 100 walifariki) na kupasuka kwa bwawa la Patel, Solai (9 Mei 2018, zaidi ya 40), vilifuatwa na ushauri wa dharura wa namna ileile.

Hospitali

Hospitali kuu ya Nakuru, ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH (Provincial General Hospital), na ile ya Gilgil zina huduma za magonjwa ya akili. Wagonjwa wengine hupelekwa hospitali ya Mathari, Nairobi, kilomita 160 hivi. Tangu ugatuzi wa 2013 bajeti iko mikononi mwa kaunti, na afya ya akili hushindania fedha na wodi za uzazi. Jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 matatizo ya afya ya akili yatangazwe janga la kitaifa.

Sheria

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 ilianzisha bodi ya kuwasajili wahudumu. Kwa muda mrefu kikwazo kikubwa zaidi cha kisheria kwa ushauri kilikuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomtishia aliyejaribu kujiua kwa kifungo cha hadi miaka miwili. Mteja alihitaji kusema ukweli ili apone, na ukweli huohuo ulikuwa ungamo la kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba.

Mafunzo

Chuo Kikuu cha Egerton (Njoro) na cha Kabarak hufundisha ushauri nasaha. Masomo hutolewa kwa Kiingereza; vikao vingi huendeshwa kwa Kiswahili, Kikikuyu au Kikalenjin.

Ushauri kwa simu

Ushauri wa namna hii umeenea tangu janga la Korona.

Malipo

Kwa wanaotegemea bima ya afya ya taifa, NHIF ilirithiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) Oktoba 2024.