Takwimu za Taifa, Maamuzi ya Kata: Kuzuia Ukatili dhidi ya Watoto Mkoani Singida

Mwaka 2010, utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya ulionesha kuwa asilimia 51 ya wanawake wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa 2015-16 ulikuta asilimia 31, na wa 2022 asilimia 20. Huko ni kushuka kwa kasi, na wanaopambana na ukeketaji mkoani humo wana haki ya kujivunia. Hata hivyo, mtoto mchanga atakayekeketwa wiki hii Mkalama au Ikungi hayumo katika hesabu hiyo. Swali lililozaa hesabu hiyo huulizwa wanawake waliokwisha kutimiza miaka 15. Kwa mtu aliyekeketwa akiwa mchanga, takwimu ya 2022 inasimulia mambo yaliyotendeka mwaka 2007 au kabla ya hapo.

Makala haya yanatetea hoja moja. Tafiti za taifa zinaweza kuwakinga watoto wa Singida iwapo mkoa utazisoma ili kujua pa kutafuta na la kuuliza. Zikisomwa kama cheti cha kufaulu au kufeli, zitaishia kwenye hotuba.

Utafiti uliofungua mjadala huu nchini ni ule wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kuzinduliwa Agosti 2011. Uliendeshwa kwa ushirikiano wa UNICEF, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Walihojiwa vijana 3,739 wenye umri wa miaka 13 hadi 24, wa kike 1,968 na wa kiume 1,771. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa na ndugu, mtu mwenye mamlaka juu yao au mwenzi. Karibu robo walikuwa wametendewa ukatili wa kihisia.

Namna taarifa hizo zilivyopatikana inastahili kuangaliwa kwa karibu. Msaili alipobisha hodi hakutangaza kwamba amekuja kuuliza habari za ubakaji na vipigo. Mkuu wa kaya alielezwa kuwa utafiti unahusu afya ya vijana na mambo wanayopitia maishani. Katika kaya alichaguliwa kijana mmoja tu. Msichana alisailiwa na mwanamke, mvulana na mwanamume, mahali pasipo na sikio la tatu. Wasichana walihojiwa katika maeneo tofauti na yale ya wavulana, ili isitokee aliyetendewa na aliyemtenda wakahojiwa kijiji kimoja. Aliyehitaji msaada alielekezwa kwenye huduma. Tahadhari zote hizo zinatokana na jambo moja: mara nyingi anayemuumiza mtoto anaishi naye au anafahamiana naye, na mtoto akisema mahali pasipofaa anaweza kuumizwa tena.

Thamani ya utafiti ule haikomei kwenye asilimia zilizoandikwa magazetini. Iko katika majibu ya maswali madogo: ilikuwa wapi, ni nani, ulimwambia nani, ulisaidiwa? Karibu nusu ya wasichana wa Tanzania Bara waliofanyiwa ukatili wa kingono walisema angalau tukio moja lilitokea nyumbani kwa mtu. Karibu robo walitaja njia ya kwenda au kutoka shuleni. Kuhusu vipigo, takriban nusu ya wahojiwa wote waliwataja walimu.

Hayo si majibu ya kuwekwa kabatini. Katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2, kwa mujibu wa Sensa ya 2022, na vijiji vingi ambavyo shule ya sekondari iko mbali na makazi, njia ya shule ni jambo la kupangiwa bajeti. Mtendaji wa kata hahitaji kusubiri asilimia ya Singida ili amuulize mwalimu mkuu ni wanafunzi wangapi wanatembea zaidi ya saa moja, wanapita wapi, na ni akina nani wamepangishiwa vyumba vya mitaani bila mtu mzima wa kuwaangalia.

Majibu mengine ya 2009 yanahusu ukimya. Takriban nusu ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono hawakumwambia mtu yeyote. Waliotafuta huduma walikuwa kama mmoja katika kila watano, na waliozipata ni wachache zaidi. Kwa wavulana hali ilikuwa mbaya kuliko hiyo. Matokeo haya yanapaswa kubadili namna halmashauri inavyosoma taarifa za Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Dawati huhesabu waliofika. Idadi yao ikipanda, yawezekana ukatili umeongezeka, lakini yawezekana pia watoto wameanza kuamini kwamba wakisema watasikilizwa. Kiongozi anayedai idadi hiyo ishuke kila robo mwaka, bila kujua ni watoto wangapi wanaonyamaza, anaweza kuwafundisha wasaidizi wake kuyamaliza mashauri kifamilia: wazee wanaitwa, faini inalipwa, na mtoto anarudishwa kwenye nyumba ileile.

Utafiti wa 2009 una mpaka wake pia. Sampuli yake ilipangwa kutoa makadirio ya Tanzania Bara na ya Zanzibar, kila upande peke yake. Haikupangwa kutoa makadirio ya mkoa mmoja mmoja, seuze wilaya. Anayesema kwamba asilimia fulani ya watoto wa Iramba wamefanyiwa ukatili, akitaja utafiti ule, anausemesha usichosema. Utafiti wa idadi ya watu na afya ndio unaoshuka hadi ngazi ya mkoa, na ndiyo maana habari ya ukeketaji Singida inaweza kusimuliwa kwa takwimu.

Habari hiyo ina fundo lake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Singida na Dodoma, tendo hilo kwa kiasi kikubwa limehamia kwa watoto wachanga, likisukumwa na imani ya lawalawa: mtoto wa kike akipata maambukizi au muwasho sehemu za siri, husemwa dawa yake ni kumkeketa, ilhali maradhi ya namna hiyo hutibika zahanati. Mtoto mchanga hawezi kukimbilia kituo cha polisi, hana mwalimu wa kumwambia, na hakuna ngoma ya kuwashtua majirani. Kitaifa, utafiti wa 2015-16 ulikuta kuwa zaidi ya theluthi ya waliokeketwa walifanyiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Utafiti huohuo uliwauliza akina mama kuhusu binti zao walio chini ya miaka 15, na waliosemwa kuwa wamekeketwa hawakufika hata asilimia 1. Miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 19 waliojisemea wenyewe, walikuwa karibu asilimia 5. Sehemu ya tofauti hiyo ni mafanikio ya kweli, na pia wapo mabinti ambao umri wa kukeketwa ulikuwa haujawafikia. Sehemu nyingine ni hofu, kwa kuwa mama anayejibu anajua kwamba anaulizwa juu ya kosa. Ndiyo maana kazi ya kuzuia Singida inapaswa kuhamia kliniki ya mama na mtoto, ambako karibu kila mchanga hupita kwa chanjo. Mhudumu anayemweleza mama mapema kwamba muwasho hutibiwa kwa dawa anaizuia lawalawa kabla bibi hajaitwa. Ukaguzi wa lazima wa watoto unaoishia polisi, kinyume chake, unaweza kuwafanya akina mama waikwepe kliniki, na mtoto akakosa kinga zote mbili.

Nchi jirani inaonesha faida ya kupima tena kwa kipimo kilekile. Kenya ilifanya utafiti wa ukatili dhidi ya watoto mwaka 2010 na kuurudia 2019. Ukatili wa kingono utotoni kwa wasichana ulishuka kutoka asilimia 32 hadi 16, na wa kimwili kutoka asilimia 66 hadi 39. Takwimu hizo hazithibitishi ni hatua ipi iliyoleta nafuu, lakini zinavunja dhana kwamba vipigo na ubakaji wa watoto ni desturi isiyobadilika.

Tanzania ina chombo cha kutendea kazi. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ulianza 2017/18, na awamu yake ya pili inakwenda hadi 2028/29. Umeunda kamati za ulinzi kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Kinachohitajika Singida ni kuzipa kamati za kata maswali yaliyotokana na utafiti, na kuzitaka zijibu kila robo mwaka kwa kumbukumbu ambazo tayari zinapaswa kuwapo. Daftari la mahudhurio litaonesha wasichana walioacha kuja shule na mwezi walioacha. Kanuni za viboko zinaruhusu visizidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na zinataka kila adhabu iandikwe. Shule isiyo na daftari la adhabu imekwisha kutoa jibu. Zahanati itaeleza wachanga wangapi waliletwa na maambukizi na mama zao walishauriwa nini. Dawati la polisi litaeleza mashauri mangapi yalifika mahakamani na mangapi yaliishia njiani. Yote haya yatolewe kwa idadi bila majina, kwa sababu katika kijiji kidogo hata umri na kitongoji vinatosha kumtambulisha mtoto.

Wapo watakaosema maofisa ustawi wa jamii ni wachache na kata hazina fedha. Ni kweli. Lakini kamati inayojua kwamba wasichana wengi walioacha shule walikuwa wamepanga vyumba mtaani ina hoja nzito ya kuomba bweni kuliko kamati inayonukuu asilimia ya taifa, na baraza la madiwani linaweza kuipima hoja hiyo linapogawa mapato ya ndani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo, inapopanga utafiti unaofuata wa ukatili dhidi ya watoto, ipanue sampuli iweze kutoa makadirio ya kanda, Kanda ya Kati ikiwa mojawapo, ili kazi ya kamati hizo ilinganishwe na maneno ya watoto wenyewe.