Saa Arobaini na Nane

Msomaji, huenda umemsikia bibi yako akisema kwamba mzazi hatoki nje mpaka arobaini yake itimie. Hizo ni siku za kukaa nyumbani, akitunzwa na jamaa zake na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Siku za kulazwa hospitali ni jambo jingine, na huko Marekani zilizua mabishano yaliyofika hata bungeni.

Mwaka 1970 mama aliyejifungua katika hospitali ya Marekani alikaa, kwa wastani, siku 4.1. Mwaka 1992 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi siku 2.6. Usidhani kwamba miili ya wanawake ilikuwa imebadilika. Ni kweli, wako akina mama waliochoka kulazwa kama wagonjwa nao si wagonjwa. Lakini msukumo mkubwa ulitoka kwa kampuni za bima, ambazo ndizo zilizolipia kitanda. Ilipofika katikati ya miaka ya 1990, wengine walirudishwa nyumbani kabla ya siku moja kupita, na watu wakakufananisha kuzaa huko na kununua chakula bila kushuka garini.

Sasa tazama hatari yake. Siku ya kwanza mtoto mchanga aweza kuonekana mzima kabisa. Umanjano wa macho na ngozi mara nyingi hutokea siku ya pili au ya tatu, nao ukizidi mno bila kutibiwa huweza kuharibu ubongo. Maziwa ya mama nayo hujaa baada ya siku mbili tatu hivi, na mtoto asiyenyonya vema hutambulikana wakati huo. Ikiwa yuko nyumbani, na mama yake ni mwanagenzi, nani atakayeng'amua?

Basi tarehe 26 Septemba 1996 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria. Bima iliyogharimia kulazwa kwa wazazi ilikatazwa kuweka kikomo cha chini ya saa 48 kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida, na saa 96 kwa aliyepasuliwa. Hata kumpa mama fedha ili akubali kuondoka mapema kulikatazwa. Daktari, akiisha kushauriana na mama, aliachiwa uwezo wa kumruhusu kabla ya hapo.

Kwa maoni yangu lilikuwa jambo jema, ila lilikuwa na pengo: sheria hiyo haikuilazimisha bima yoyote kulipia uzazi. Mama asiyekuwa na bima hakuongezewa hata saa moja.